Mali Bila Daftari: Vijiziwa vya Barafu na Ghuba ya Chwaka

Wahenga wetu wa pwani, watu wa jahazi na mizani, walituachia msemo usiochakaa: mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuusikia dukani na katika vyama vya kuweka na kukopa. Leo naomba kuutumia kwa mali tusiyozoea kuihesabu, nayo ni vijiziwa vilivyolala chini ya barafu ya milima yetu mirefu ya Afrika Mashariki.

Hoja yangu naiweka mwanzoni ili msomaji aipime kadiri anavyoendelea. Barafu ya milima yetu inakwisha, na hakuna serikali ya eneo hili iwezayo kuizuia peke yake. Lakini barafu hiyo, katika maisha yake marefu, imekuwa ikiandika habari zake ndani ya matope ya maziwa. Maandishi hayo ni kumbukumbu ya hali ya hewa ya nchi zetu kwa maelfu ya miaka, na ni ushahidi tutakaouhitaji siku ya kudai haki. Hadi sasa wasomaji wakubwa wa maandishi hayo si sisi. Hali hiyohiyo naiona hapa kwetu Chwaka, mbele ya macho yetu, katika ghuba yenye mikoko na mwani.

Najua swali litakalofuata. Chwaka na barafu, wapi na wapi? Sisi tunaishi usawa wa bahari, juu ya mawe ya matumbawe na mchanga; mto hatuna, na barafu tunayoijua ni ile ya kuhifadhia samaki. Swali ni la haki, na jibu lake liko katika upepo. Sehemu kubwa ya mvua na theluji inayoangukia Kilimanjaro na Mlima Kenya hutokana na mvuke wa Bahari ya Hindi, bahari hii hii tunayoitazama kila asubuhi. Bahari ikibadili joto lake, mlima hupata habari. Watafiti wa barafu ya Kilimanjaro wameeleza kwamba kupungua kwake kulianza na ukame ulioingia eneo hili mwishoni mwa karne ya 19, na baadhi yao wameuhusisha ukame huo na mabadiliko katika Bahari ya Hindi. Mlima na ghuba, kwa hiyo, si majirani wa mbali kama ramani inavyotudanganya.

Umri wa ziwa la barafu

Barafu ya mlimani haikutulia kama jiwe. Huteremka polepole kwa uzito wake yenyewe, na inapoteremka huukwaruza na kuusaga mwamba ulio chini yake. Mbele na pembeni hulundika tuta la mawe na changarawe. Joto likizidi, au theluji ikipungua, ulimi wa barafu hurudi nyuma, na kati yake na lile tuta hubaki bonde. Bonde hujaa maji. Hapo ziwa limezaliwa.

Kuanzia siku hiyo ziwa hupita katika umri. Katika utoto wake huwa limegusana na barafu, na maji yake huwa ya kijivu kwa sababu ya unga wa mwamba uliosagwa. Kadiri barafu inavyoyeyuka, ndivyo ziwa linavyotanuka. Likishakuwa kubwa, lina njia mbili. Ama tuta linalolizuia huvunjika na maji yote hushuka bondeni kwa ghafla, ama barafu huzidi kurudi juu hadi ikaliacha ziwa peke yake. Ziwa lililoachwa huanza kuzeeka: unga wa mwamba hupungua, maji huwa maangavu, mimea midogo hustawi, na tope la sakafuni huwa jeusi kwa mabaki ya mimea. Baada ya karne nyingi ziwa hujaa tope na kuwa kinamasi.

Katika Himalaya na Andes, maziwa mengi bado yamo katika umri wa kutanuka. Uchunguzi wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kwamba ujazo wa maziwa ya barafu duniani uliongezeka kwa karibu nusu kati ya 1990 na 2018. Ongezeko hilo si neema. Tarehe 13 Desemba 1941, ziwa Palcacocha lililo juu ya mji wa Huaraz nchini Peru lilivunja ukingo wake na kuua maelfu ya watu. Oktoba 2023, ziwa South Lhonak katika jimbo la Sikkim, India, lilifurika kwa ghafla na kulisomba bwawa la umeme la Teesta III. Huko watu hulala wakiyahofia maji yaliyo juu ya vichwa vyao.

Maziwa yetu ni wazee

Kwetu hatari ni ya namna nyingine. Barafu yetu ilikuwa ndogo tangu hapo, na sasa imekonda kiasi kwamba haina maji ya kulilisha ziwa likatishia mji. Maziwa yetu yamekwisha kupita ujana.

Tuanze na Mlima Kenya. Chini ya vilele vyake kuna vijiziwa kadhaa, vikiwemo vile vinavyoitwa Lewis, Tyndall, Teleki, Hausberg na Simba, vilivyokaa katika mabonde ambayo barafu iliyachonga kisha ikayahama. Barafu ya Lewis imepimwa kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote katika milima yetu. Kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake, barafu iliyopewa jina la Gregory, imetoweka kabisa.

Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipanda na kuchora ramani mwaka 1906. Kwa kadirio linalotumiwa na watafiti, wakati huo barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Maziwa kama Bujuku na Kitandara yamebaki chini, yakitazama juu mahali barafu ilipokuwa.

Kilimanjaro ni kisa cha peke yake. Mwaka 1912 barafu yake ilikuwa na takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Lakini kupungua huko hakukuacha maziwa makubwa. Huko juu, karibu mita 5,900, hewa ni baridi na kavu, na sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Maji machache yanayopatikana hunywewa na majivu ya volkano. Hata hivyo, timu iliyoongozwa na Lonnie Thompson ilipotoboa barafu ya Furtwängler mwaka 2000, iliikuta imeloa maji ndani kwa ndani. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inatazamiwa kutoweka kufikia 2050.

Hapa naomba niseme jambo moja kando, kwa kuwa limekuwa likitupotosha katika mijadala. Wapo wanaoamini kwamba barafu ya Kilimanjaro ikiisha, mto Pangani utakauka. Si kweli. Mchango wa barafu katika mito ya mlima huo ni mdogo sana. Kinachoilisha mito hiyo ni msitu, unaopokea mvua na kukamua ukungu kwa majani yake. Moto umeshausogeza chini ukingo wa juu wa msitu huo, na hasara ya maji inayotokana na kupotea kwa msitu ni kubwa kuliko hasara ya barafu. Anayelilia kofia nyeupe ya mlima huku akiuacha msitu uungue, analilia picha ya kalenda. Barafu ina thamani nyingine, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Tope linasema nini

Kila mwaka, ziwa la mlimani hupokea tabaka jembamba la mashapo. Barafu ikiwa karibu na ina nguvu, tabaka hilo huwa la unga wa mwamba. Barafu ikirudi nyuma, unga hupungua na mabaki ya mimea huongezeka. Mtafiti huteremsha bomba refu hadi sakafuni, huvuta nguzo ya tope, kisha huisoma kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayefungua kitabu kuanzia ukurasa wa zamani.

Hivyo ndivyo Daniel Livingstone, mwanasayansi Mmarekani, alivyosoma tope la ziwa Mahoma huko Rwenzori na kuchapisha matokeo yake mwaka 1962. Alionesha kwamba barafu iliyolifanya ziwa hilo ilikuwa imekwisha kurudi nyuma zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Mahoma liko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Barafu ya leo iko juu zaidi ya mita 4,500. Katika tope hilo kuna safari nzima ya barafu kupanda mlima.

Katika Mlima Kenya, vijiziwa vya Simba na Small Hall vilitoa mashapo yenye umri wa miaka 14,000. Watafiti walipima oksijeni iliyofungwa ndani ya maganda ya mimea midogo ya majini, ambayo ni kama kioo, na mwaka 2001 wakaeleza vipindi ambavyo mvua kubwa zilirudi mlimani, zikamomonyoa udongo, zikaikuza barafu na kuupanua msitu. Mvua hizo zina uhusiano na bahari yetu. Kwa hiyo ndani ya vijiziwa viwili vidogo vya Kenya mna sehemu ya historia ya masika na vuli zetu.

Mashapo ya maziwa ya Rwenzori yaliyochapishwa mwaka 2009 yalitoa jambo la kufikirisha zaidi. Yalionesha kwamba barafu ya huko ilianza kupungua takriban mwaka 1870. Msomaji makini ataona ugumu uliopo: mwaka 1870 viwanda vya dunia havikuwa vimemwaga moshi wa kiasi cha leo. Je, ushahidi huu unawapa ahueni wachafuzi? Haupaswi. Mwanzo wa jambo na mwendelezo wake ni mambo mawili. Barafu ambayo ingeweza kupungua kisha ikakua tena, kama ilivyofanya mara kadhaa katika miaka elfu kumi iliyopita, sasa imo katika dunia yenye joto lisiloiruhusu kukua tena. Lakini kutenganisha sehemu ya maumbile na sehemu ya binadamu hakuwezekani kwa hotuba. Kunahitaji kumbukumbu ndefu. Daftari la kweli halimpendelei mwenye duka wala mteja, na kwa sababu hiyo huaminiwa na hakimu.

Nani ameshika daftari

Tarehe 11 Mei 1848, mmishonari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro na kuiandikia Ulaya. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alimkejeli. Kwake haikuwezekana theluji kukaa karibu na ikweta. Wachaga walikuwa wakiuona weupe ule tangu mababu zao, na misafara ya pwani ilipita chini yake, lakini ushahidi wao haukuhesabiwa hata kidogo. Ilibidi von der Decken apande na vipimo vyake mwanzoni mwa miaka ya 1860 ndipo ubishi upungue. Somo la kisa hiki halijazeeka: katika meza za wakubwa wa dunia, aliyeona hashindi mpaka awe ameandika na kupima.

Vipande sita vya barafu vilivyotobolewa Kilimanjaro mwaka 2000 vilipelekwa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, ambako huhifadhiwa katika baridi kali. Simwiti mtu mwizi. Lau wasingevichukua, sehemu ya kumbukumbu hiyo ingekuwa imeshayeyuka. Vilevile katika vipimo vya Rwenzori vya miaka ya 2000 wapo watafiti wa Uganda walioshiriki, na heshima yao tuwape. Ninachosema ni kwamba hatuwezi kuwa na nchi ambazo kumbukumbu zake zote za mbali zinasomwa kwa mwaliko wa wengine, kwa ratiba ya wengine na kwa maswali ya wengine. Anayeuliza swali ndiye anayechagua ukurasa wa kufungua.

Kwa nini hili lina uzito sasa? Tutazame tena Peru. Mwaka 2015 mkulima wa Huaraz, Saúl Luciano Lliuya, aliishtaki kampuni ya umeme ya RWE nchini Ujerumani. Hoja yake ilikuwa rahisi: kampuni hiyo imechangia chini ya nusu ya asilimia moja ya gesi za viwandani zinazopasha dunia joto, basi na ilipe sehemu hiyohiyo ya gharama za kuukinga mji dhidi ya ziwa Palcacocha. Wengi walidhani kesi itatupwa siku ya kwanza. Mahakama ya mwanzo kweli iliitupa, lakini mahakama ya rufaa ikaipokea. Majaji na wataalamu walifika hadi Huaraz. Tarehe 28 Mei 2025 mahakama ya rufaa ya Hamm ilitoa hukumu yenye pande mbili. Ilikubali kwamba mchafuzi mkubwa anaweza, kisheria, kuwajibika kwa madhara yaliyo mbali naye. Lakini ilimnyima Lliuya ushindi, kwa sababu vipimo vilionesha kwamba uwezekano wa nyumba yake kufikiwa na mafuriko katika miaka 30 ijayo ulikuwa mdogo, takriban asilimia moja.

Naomba msomaji aitazame hukumu hiyo kwa utulivu. Mlango wa haki ulifunguliwa kwa kanuni, na ukafungwa kwa takwimu. Kanuni sasa ipo, na mdai wa kesho ataulizwa vipimo. Vivyo hivyo kwa mfuko wa kimataifa wa hasara na uharibifu, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai mwaka 2023. Siku Tanzania itakaposimama mbele ya mfuko huo, au mbele ya mahakama yoyote, maswali yatakuwa matatu tu: mmepoteza nini, tangu lini, na kiasi gani?

Chwaka na daftari lake

Hapo ndipo ninaporudi nyumbani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989 na kikawa mkono wa pili wa maelfu ya wanawake wa mashariki ya kisiwa. Zililimwa aina mbili. Kotonii ilikuwa na bei nzuri. Spinosamu ilikuwa ya bei ndogo lakini shupavu. Kisha maji ya kina kifupi yakazidi kuwa ya moto, kotonii ikawa inageuka nyeupe, inaoza na kukatika kwenye kamba, na wakulima wengi wakabaki na ile ya bei ndogo.

Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Nikimuuliza kotonii yake ilikufa lini, hunijibu bila kusita: "Mwanangu, ni mwaka ule tulipomuoza dada yako wa pili. Maji yalikuwa yanaunguza miguu." Simtilii shaka. Jibu lake lina tarehe, lina kipimo, na lina hasara ndani yake. Lakini tarehe ni harusi, kipimo ni nyayo zake, na hasara ni vigingi alivyoving'oa na kuvifanya kuni. Hakuna mfuko wa kimataifa utakaoyapokea hayo kama yalivyo. Kati ya maarifa ya bibi huyu na meza ya madai pamekosekana daftari la senti chache na kipimajoto.

Si kwamba ghuba yetu haijachunguzwa. Ni kinyume chake: Ghuba ya Chwaka ni miongoni mwa ghuba zilizochunguzwa sana katika upande huu wa Bahari ya Hindi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye makao hapa Unguja, imefanya kazi kubwa. Mwaka 2012 kilichapishwa kitabu kizima kuhusu ghuba hii, kikihaririwa na Maricela de la Torre-Castro na Thomas Lyimo. Ni kitabu cha maana, nami hukitumia. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, na wenye ghuba wengi hawawezi kukisoma. Daftari lipo, mwenye duka hajui lililoandikwa humo.

Hata matope yetu yana maandishi. Mikoko hukamata mashapo kama yafanyavyo maziwa ya mlimani. Matope ya mikoko ya Ghuba ya Makoba na ya Unguja Ukuu yameshachimbwa na kusomwa, na chavua zilizomo zimeeleza jinsi bahari ilivyopanda na kushuka kwa maelfu ya miaka. Kumbukumbu ndefu ya namna hiyo inahitajika, kwani kipimo cha kina cha maji katika bandari ya Zanzibar kimeanza kuandika mwaka 1984 tu. Bahari hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, na miongo minne ni michache kwa anayetaka kutenganisha mazoea ya bahari na ongezeko la kudumu.

Na ongezeko hilo lipo. Barafu ya milima yote ya dunia, ukiacha zile za Greenland na Antaktika, imeinua bahari kwa takriban milimita 18 kati ya 2000 na 2023. Mchango wa Kilimanjaro ndani ya kiasi hicho hauonekani kwa jicho. Umetoka Alaska, Himalaya, Andes na kwingineko. Kwa maneno mengine, maji ya vijiziwa vya mbali, ambavyo watu wa Chwaka hawatavifikia, yanakuja taratibu kwenye visima vyetu na kwenye mashina ya minazi yetu, na huonekana zaidi nyakati za bamvua.

Pingamizi na mapendekezo

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza husema: barafu inakufa, kuna faida gani kumpima joto mgonjwa asiyepona? Jibu langu nalichukua katika desturi zetu wenyewe. Mtu akifariki, kabla ya mirathi kugawiwa, huulizwa madeni: alidai nani, alidaiwa na nani. Warithi wasiojua hesabu za marehemu hudhulumiwa, na wadaiwa wake hunyamaza kimya. Dini ya wengi wetu hapa imelipa uzito jambo hili kiasi kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni. Kuipima barafu inayokwisha ni kuandika alichokuwa nacho marehemu na nani ana deni lake.

Pingamizi la pili ni la fedha: skuli zetu zina upungufu wa madawati, itakuwaje tukanunue mabomba ya kuchimbia tope milimani? Ni pingamizi zito zaidi. Lakini sehemu kubwa ya ninachopendekeza haihitaji fedha nyingi, inahitaji nidhamu.

Kwanza, vibali vya utafiti, viwe vya COSTECH kwa Tanzania Bara au vya mamlaka za Zanzibar, viwe na sharti linalofuatiliwa kweli: nakala ya takwimu zote ibaki katika chuo cha hapa, na muhtasari wa Kiswahili ufikishwe kwa sheha na katika skuli ya eneo lililochunguzwa. Muhtasari wa kurasa mbili haumfilisi mtafiti yeyote aliyeweza kulipia ndege.

Pili, vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar vikubaliane juu ya ziara moja ya pamoja kila mwaka katika vijiziwa vichache vya Mlima Kenya na Rwenzori. Wanafunzi wapime kina, joto na uangavu wa maji, siku zilezile, mahali palepale, kwa njia ileile. Kipimo cha mwaka mmoja ni picha. Vipimo vya miaka thelathini ni ushahidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki hukutana mara nyingi kwa mambo yenye faida ndogo kuliko hili. Vijana wa kisiwani wasiachwe nyuma kwa kisingizio kwamba mlima si wao, kwa maana mvua za mlimani na zetu zina asili moja.

Tatu, na hili laweza kuanza mwezi ujao: daftari la ghuba. Kamati za wavuvi na vikundi vya wakulima wa mwani wa Chwaka, Marumbi, Uroa na vijiji vilivyoizunguka ghuba viwe na kipimajoto cha maji na daftari moja kila kimoja. Kila bamvua, saa ya maji kupwa, aandike mmoja wao tarehe, joto la maji, hali ya mwani, na kama maji yalipojaa yalivuka alama iliyowekwa. Walimu wa skuli wasimamie, wanafunzi wanakili, chuo kihifadhi nakala. Sisi wahadhiri tutoe mafunzo bila kudai posho. Wengi wetu tumepata shahada zetu kwa kuwauliza watu hawahawa maswali.

Sijasema kwamba daftari litaipoza bahari au kuirudisha barafu ya Lewis. Kupunguza moshi ni wajibu wa walioufukuza kwa wingi, na shinikizo juu yao lisipungue. Lakini shinikizo lisilo na vipimo huishia katika makofi ya ukumbini. Mkulima wa Huaraz alifika mbali kwa sababu nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya watu waliolipima ziwa lao. Walijua, kwa mfano, kwamba Palcacocha lililokuwa na takriban mita za ujazo nusu milioni mwaka 1974 lilifikia milioni 17 mwaka 2009. Sisi mwani wetu ulikuwa kiasi gani mwaka 1999? Maji yalikuwa ya joto gani mwaka ule dada yangu alipoolewa? Nataka mtoto anayesoma darasa la tano Chwaka leo, atakapokuwa na umri wangu na kuulizwa maswali ya namna hii, afungue kabati na kutoa jibu.

Naomba kuwasilisha.